Wistin wa Sikio na Ukuta wa Vitor

Kijijini kwetu Mqabba kila ukoo una jina la utani, na hilo ndilo jina lenyewe. La ubatizo linabaki kanisani. Mimi ni Grezzju wa Mwiko, kwa kuwa babu yangu alikuwa mwashi, baba yangu mwashi, na mimi sikuulizwa. Wistin alikuwa Wistin wa Sikio, na hilo jina hakulirithi kwa mtu. Alilipata mwenyewe, chimboni, kwa kugonga mawe.

Nieleze kidogo, maana siku hizi vijana wanajenga kwa matofali ya saruji na hawajui hata wamekalia nini. Upande wa magharibi wa kisiwa chetu cha Malta, mtu akichimba kisima hukutana kwanza na jiwe gumu, kisha mchanga wa kijani, kisha udongo wa mfinyanzi wa buluu unaozuia maji yasishuke, na chini ya hapo ndipo analifikia jiwe la chokaa laini, la manjano, tunaloliita franka. Kwetu kusini hayo ya juu yalishakwisha, yaliliwa na mvua zamani za kale. Unakwangua udongo mpaka magotini, franka hiyo hapo. Ndani yake utaokota meno ya papa na magamba ya wadudu wa bahari, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anajua kwamba tunalala ndani ya matope ya bahari yaliyoganda. Nyumba, kanisa, mabamba ya dari, matao, birika la kunyweshea mbuzi, vyote vimetoka shimo moja. Jiwe hilo ukilikata leo unalichonga kwa shoka bila kutoka jasho. Ukiliacha juani na kwenye upepo, linafunga ngozi yake na kukaa miaka mia tatu.

Lakini katikati ya franka kuna tabaka la laana liitwalo soll. Likitoka chimboni lina rangi ileile, uzito uleule, na shoka linaingia vilevile. Liweke kwenye ukuta unaotazama baharini, ulipe miaka mitano, sita. Chumvi inaingia, uso unatoa unga, unga unageuka matundu, na siku moja unaona ukuta una mashimo ya kuficha ngumi. Njia ya kulijua mapema ni kuligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Franka inalia. Soll inaitika kivivu. Tofauti ni ndogo mno, na mimi, mwashi wa miaka thelathini, wa kazi hiyohiyo, naikosa mara moja kati ya nne.

Wistin hakukosa. Kila siku saa nne asubuhi, mawe yaliyokatwa jana yakiwa yamepangwa safu, alipita na nyundo yake. Tok, tok. Hili liende kwa waashi, hili likachomwe chokaa, hili likajengee zizi. Mkewe Dolor huwa amefika saa hiyo na kikapu cha mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, anasimama kando na ushungi wake mweusi akingoja mume amalize ale. Wake wengine walituma mtoto au waliacha kikapu na kwenda zao. Tulimtania sana.

"Wistin, wewe huwezi kumeza bila kutazamwa?"

"Mke wangu ananipenda," alikuwa akijibu. "Wa kwako anakutumia mbuzi."

Basi kijijini maneno "Wistin ameshagonga" yalimaliza ubishi wowote. Waashi tukaacha kugonga. Kwa nini tujisumbue? Huo ndio ujinga wetu, na nausema kwa mdomo wangu mwenyewe, maana hakuna kijiji kingine ambacho waashi wake wangejenga kwa sikio la mtu mmoja.

Mwaka wa 1934, mwezi wa tisa, Vitor aliniita. Vitor ni binti wa pekee wa Wistin na Dolor, mke wa Liberat anayefanya kazi bandarini, na nyumba yao niliijenga mimi miaka minane kabla, wakati wa harusi. Kwetu baba ndiye humpa binti nyumba, na baba mwenye chimbo mkononi atoe nini kama si mawe? Vitor alitaka tu ndoano ya kamba ya kuanikia nguo, kwenye ukuta wa ua unaotazama kusini, mashambani na baharini.

Nikaweka msumari, nikapiga mara moja. Ulizama wote. Nikauvuta, ukatoka na unga. Nikaingiza kidole, kikaenda mpaka fundo la pili. Nilisimama pale na kidole ukutani.

"Mjomba, mbona unachungulia? Pigilia tu," Vitor akasema kutoka jikoni; aliniita hivyo tangu utotoni, ingawa si ndugu wa damu.

"Tulia kwanza."

Nilipita ukuta mzima kwa ukucha. Jiwe moja zima, la pili zima, la tatu unga. Tena moja zima, mawili unga. Ngozi ya nje ilikuwa bado imeshikilia, na juu yake Liberat alikuwa amepaka chokaa kila mwaka, kwa hiyo macho yasingeona. Nikaangalia juu. Ukuta ule ndio uliobeba upande mmoja wa matao ya chumba cha kulala, na juu ya matao mabamba ya dari, kila moja mzigo wa watu wawili.

"Ni unyevu?" Vitor alikuwa amesimama nyuma yangu, anajifuta mikono.

"Si unyevu. Ni soll."

"Haiwezi kuwa soll. Baba aligonga mwenyewe."

"Ndiyo. Aligonga."

Nilitegemea aseme neno lingine. Badala yake nikaona uso wake ukibadilika polepole, ukitoka kwenye mshangao ukienda mahali pabaya zaidi.

"Kwa hiyo alijua," akasema.

Na mimi, mjinga, niligeukia tena ukuta. Wistin hakukosa jiwe. Kila mtu alijua hivyo. Kama hakukosa, basi alijua. Vitor hakuhitaji mtu wa kumfundisha kuhesabu: mwaka ule ule wa harusi yake mfanyabiashara mmoja wa Sliema alinunua mikokoteni na mikokoteni ya franka bora kutoka chimbo letu, na chimbo zima lilinywa mvinyo wake. Mgeni akapata mazuri. Binti akapata ya kujengea zizi.

Niliwaambia wahamie chumba cha mbele usiku uleule, yeye, Liberat na mtoto. Nikaweka miti ya kuegemeza tao. Jirani yao Karmni, ambaye kazi yake duniani ni kuanika nguo juu ya paa ili aone nyua za wenzake, aliona miti na akafurahi.

"Vitor, nyumba yako inaota upele," akapaza sauti. "Mpelekee baba'ko, akaigonge tena."

Wiki nzima Vitor hakukanyaga kwa wazazi wake. Dolor alimwambia mumewe kwamba mtoto ana kikohozi. Mimi mwenyewe usingizi ulinikataa. Nilimjua Wistin tangu tukiwa vijana, tulivunja pamoja lile jiwe gumu la pwani kwa baruti, miaka ile serikali ilipojenga ukuta wa kuzuia mawimbi bandarini. Mtu yule amuuze binti yake? Na kama hakumuuza, basi sikio lake lilikosa, na ni nyumba ngapi nyingine zimejengwa kwa sikio hilo? Nilishindwa kuchagua kipi kinanitisha zaidi.

Jumatatu nikateremka chimboni kumuuliza uso kwa uso. Ilikuwa saa nne kasoro. Wistin alikuwa amenipa mgongo, ameinama anachonga ukingo wa jiwe, ananguruma wimbo wa kanisani kama kawaida yake. Dolor alishafika na kikapu. Kabla sijamfikia nikasikia watu wananyamaza, sururu moja baada ya nyingine. Vitor alikuwa anateremka njia ya mikokoteni, kichwa wazi, bila ushungi, mbele ya wanaume kumi na tano.

Akasimama hatua tatu nyuma ya baba yake.

"Baba, nimekuja kukuuliza mbele ya watu," akasema. "Mfanyabiashara wa Sliema alikupa nini?"

Wistin aliendelea kuchonga.

"Ulimuuzia mgeni mawe mazuri, mimi ukanipa takataka. Mjukuu wako amelala miaka mitano chini ya tao lililoegemea unga. Ulikuwa unakuja kwangu, unakula, unamrusha juu mtoto, ukijua."

Chimbo lote lilisikia. Kuta za shimo zilirudisha sauti yake. Wistin akapuliza vumbi kwenye ukingo wa jiwe, akaugusa kwa gumba, akaendelea na wimbo wake.

Kwanza nilidhani ni kiburi. Nilimkasirikia kweli, nikasogea nimshike bega. Halafu nikaona mgongo wake. Mtu akitukanwa na mwanawe, hata awe na kiburi cha askofu, mgongo unakaza. Mgongo wa Wistin ulikuwa umelegea kama wa mtu aliye peke yake shambani. Nikamtazama Dolor, na Dolor alikuwa amefumba macho.

"Hunijibu hata," Vitor akasema, na sasa sauti ilikuwa imekatika. "Sawa. Basi tangu leo sina baba."

Kijana aliyekuwa mbele ya Wistin alikuwa amekodoa macho juu ya bega lake. Wistin akaona macho yale, akageuka. Alimwona binti yake akimaliza kusema, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.

"Vitor. Umekuja. Mtoto amepona kikohozi?"

Sijawahi kuona mtu akishtuka kama Vitor alivyoshtuka. Midomo ilibaki wazi. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akarudi nyuma hatua moja, mbili, kisha akageuka akapanda ile njia karibu anakimbia.

Wistin akamgeukia mkewe. "Alikuwa anataka nini?"

Dolor alisogea mpaka mbele yake kabisa. Alisema polepole, na midomo yake ilifanya kazi kubwa, na mimi nikajiuliza ilikuwaje nimtazame mwanamke huyu miaka yote nisiione midomo hiyo.

"Anakualika Jumapili. Atapika sungura." Akanitupia jicho. "Na Grezzju pia."

Wistin akaitikia kwa kichwa, akachukua nyundo ndogo, akaenda kwenye safu ya mawe. Saa nne imefika. Tok. Safari hii sikutazama jiwe. Nilimtazama Dolor. Tok, akateremsha kope: Wistin akasema, "Kwa waashi." Tok, akageuza uso pembeni kama anayefukuza nzi: Wistin akasema, "Tanuruni." Mawe arobaini hivi. Nyumba zote za Mqabba, matao yote, mnara mpya wa kengele, mawe yake yote yalichaguliwa na mwanamke aliyekuja kungoja kikapu kitupu.

Nilimngoja Dolor juu, karibu na tanuru la chokaa.

"Tangu lini hasikii?"

"Mwaka wa kumi na tatu huu unakwenda," akasema. "Ilianza na ile baruti ya pwani, ikala polepole. Ilipozima kabisa alinililia. Alisema wakijua watampa ufagio. Nilikuwa nimemletea chakula chimboni tangu tulipooana, Grezzju, mawe yale nilikuwa nayasikia kila siku. Mtu huwezi kusikia kitu kila siku ukakosa kukijua."

"Na wewe ulikuwa ukisikia vizuri hivyo?"

"Wewe umewahi kubomoa nyumba yoyote?"

"Ya Vitor nitaibomoa."

Akakaa juu ya jiwe. Dolor hakuwa mwanamke wa kukaa akizungumza.

"Mawe ya Vitor sikuyasikia. Mama yangu alikufa baada ya kanivali, Kwaresima inaanza, mwaka ule wa harusi. Nilikuwa ndani."

Hapo nikaelewa, na ningependa nisingeelewa. Kwa watu wa ukoo wa mama yake, mwanamke aliyefiwa na mzazi hatoki nje siku arobaini. Madirisha yamefungwa, moto hauwashwi, majirani ndio wanaoleta supu. Mwanamume ananyoa ndevu baada ya wiki na kurudi kazini. Wistin alirudi kazini peke yake. Siku arobaini aligonga mawe bila kusikia kitu. Ya watu wengine aliyaahirisha, sasa nakumbuka, kila mteja alipewa kisingizio: mkokoteni umevunjika, tabaka halijakauka. Ya Vitor alikuwa anayaahirisha vilevile.

Mpaka nilipomjia mimi. Nilikuwa na kazi nyingine kule Qormi baada ya Pasaka, nzuri, na nilitaka kumaliza kwa Vitor kwanza. Nilimsumbua asubuhi tatu mfululizo, mbele ya watu. Nilisimama mbele ya uso wake nikamwambia, "Wistin, unangoja nini? Mawe yale pale. Au unaona uchungu kumpa binti yako nyumba?" Wenzangu wakacheka. Siku ya nne alishika nyundo akagonga mawe ya binti yake mwenyewe, akayachagua kwa macho na kidole gumba. Hakuweza kuniambia anangoja masikio ya mkewe yatoke matangani.

Dolor alikuwa ananitazama. Alijua.

"Mwambie Vitor," nikasema.

"Niliapa kwamba siri haitatoka kwangu. Nitamwambia apike sungura tu. Mengine ni ya baba yake."

Jumapili, baada ya misa, tuliketi uani kwa Vitor, kwenye meza ndefu, ile miti yangu ikiegemeza tao hatua chache nyuma yetu. Sungura alikuwa ameiva na mvinyo na vitunguu, na hakuna aliyekuwa na njaa. Vitor alipakua bila kumtazama mtu. Liberat, mtu mpole, alijaribu kuzungumzia hali ya hewa akaachwa peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa ukuta wa jikoni, mkabala na Wistin. Alikuwa amevaa kizibao chake cha sikukuu.

Aliweka uma chini.

"Mama yako alinidanganya kwamba umenialika," akamwambia Vitor. "Midomo yako niliiona mwishoni. Ulisema huna baba. Sikupata ya mwanzo, lakini hiyo niliipata."

Dolor akashika mdomo. Hata yeye hakujua. Siku sita nzima yule mzee alikaa na neno lile kifuani, anatabasamu, anagonga mawe yake.

"Nimekuja hivyo hivyo," akaendelea, "kwa sababu nimesikia kijana mmoja, niseme nimemwona, akisema ukuta wako una upele, na kwamba mazuri nilimuuzia mgeni." Akainuka, akaenda kwenye ukuta, akaweka kiganja. Nilikuwa nimebandua chokaa. Vidole vyake vikaingia ndani ya jiwe, vyote vinne, na unga wa manjano ukamwagika kwenye viatu vyake vya kanisani. Alivitoa, akavitazama, akaviingiza kwenye jiwe lingine. Nimemwona mtu yule akibebwa huku damu ikimtoka kichwani baada ya baruti, bila kulia. Pale aliegemeza paji la uso ukutani akalia.

"Mawe yako sikumuuzia mtu," akasema, bado ametazama ukuta. "Masikio yangu yamekufa, Vitor. Tangu ukiwa msichana. Anayechagua mawe ni mama yako. Haya niliyachagua mimi."

Vitor akainuka, akazunguka meza, akajipenyeza kati ya baba yake na ukuta mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa baba, akasema polepole, kila neno peke yake.

"Zilikuwa siku arobaini tu, Baba. Kwa nini hukumngoja Mama?"

Wistin alifikiri. Nilijua anafikiri nini. Angeweza kuninyooshea kidole tu, hapo mezani, na nilikuwa nimestahili.

"Nilikuwa na haraka," akasema. Akampita binti yake kwa upole, akarudi kukwangua jiwe kwa ukucha, anatafuta unga unaishia wapi.

Niliweka kijiko mezani.

"Haraka haikuwa yake," nikasema. "Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemsukuma, Vitor. Nilimfanyia mzaha mbele ya watu mpaka akagonga."

Wistin hakugeuka. Aliendelea kukwangua, anahesabu mawe mabaya kwa midomo. Dolor aliangalia sahani yake. Vitor ndiye aliyenigeukia, macho yamejaa maji, na hakukuwa na huruma ndani yake hata kidogo.

"Hajakusikia, Mjomba," akasema. "Zunguka mbele, ukamwambie usoni."

Nikainuka.